Tuanze kwa Kumuuliza Mwenyewe

Maelezo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Kata ya Ukata

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya huduma za watu wenye ulemavu katika jamii yetu. Waliotarajia orodha ya misaada wanisamehe, kwani leo sikuja na orodha.

Nianze na kiti mwendo, kwa kuwa ndicho kinachokumbukwa kwanza kila tunapotaja ulemavu. Kiti chenye magurudumu membamba, kilichoundwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, hakiwezi kupanda njia zetu za vilima, na mvua ikinyesha hakivuki hata mfereji wa uani. Mtoto akikalishwa katika kiti cha mtu mzima, mgongo unaweza kupinda na makalio kupata vidonda. Baada ya miezi michache kiti kinawekwa stoo pamoja na magunia ya mahindi. Hata hivyo, siku ya kukabidhi kilipigwa picha nzuri. Mimi kazi yangu ni pamoja na kupiga picha hizo, na nathubutu kusema kwamba picha haioneshi kama kiti kimemfaa aliyekalia.

Huduma inayomlenga mtu huanza mahali pengine. Huanza kwa kumuuliza mwenyewe: siku yako inakwendaje, unakwama wapi, na wewe unataka nini? Majibu yatatushangaza. Huyu atasema anataka choo chenye kiti na mlango uliopanuliwa, ili asisubiri mtu wa kumbeba. Yule, mkulima asiyeona, atasema kutembea si tatizo lake, maana njia za kijijini anazijua kuliko sisi tunaoona. Anachotaka ni kwamba kahawa yake inapopimwa, uzito usomwe kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini, na anapotia dole gumba kwenye karatasi asomewe kwanza kilichoandikwa. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji karani mwenye subira. Mama kiziwi naye atataka kwamba akifika kliniki muuguzi aongee naye yeye, kwa ishara, kwa picha au kwa maandishi, badala ya kumweleza shemeji yake habari za mimba ambayo si yake.

Ndugu wananchi, haya si fadhila. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 ya mkataba huo inatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii akiwa na uchaguzi sawa na wengine. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Wala si habari ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa takriban mtu mmoja katika kila tisa, miongoni mwa wenye umri wa miaka saba na zaidi, anaishi na aina fulani ya ulemavu. Kila mmoja wetu aliyeketi hapa ahesabu majirani zake tisa, kisha ajiulize kama anamfahamu huyo mmoja kwa jina, au kama mlango wa nyumba yake hufungwa wageni wanapopita.

Wenzetu wa mbali nao walipita njia hii. Kijana mmoja wa Marekani, Ed Roberts, aliyepooza kwa ugonjwa wa polio, aliingia Chuo Kikuu cha California mwaka 1962. Miaka kumi baadaye, katika mji wa Berkeley, yeye na wenzake walianzisha kituo kilichoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, kikiwasaidia kupata wasaidizi, nyumba zinazofikika na mafundi wa kutengeneza viti. Fikra yao ilikuwa moja: anayesaidiwa ndiye anayeamua asaidiwe vipi.

Tofauti yetu na wao ni kwamba huko msaidizi aliweza kulipwa. Hapa msaidizi ni mama, au dada, au bibi ambaye naye magoti yanamsumbua. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika kilimo chetu cha ngoro, wanaume hufyeka majani na kuyapanga, wanawake huyafukia kwa udongo. Kazi hiyo haimngoji mtu. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo analazimika kuchagua: amlishe mtoto taratibu, kijiko kwa kijiko, apate kumeza bila kupaliwa, au awahi shambani. Akichagua shamba, mtoto hushinda ndani peke yake. Tukimkuta tunasema amemficha. Pengine hakumficha, amekosa wa kumwachia.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na mambo ya ukoo yakasikilizwa na kuamuliwa. Sioni kwa nini zamu ya kumwangalia mtoto huyo, siku mbili kwa juma wakati wa palizi na wakati wa kuchuma kahawa, isiwe jambo la kuamuliwa hapo. Ila mtoto au kijana mwenyewe, kama anaweza kueleza kwa neno au kwa macho, aulizwe anataka akae na nani.

Kuna mahali ambapo kuchelewa ni hasara ya maisha. Mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo anaweza kutibiwa bila upasuaji mkubwa: hufungwa plasta, ile tunayoiita hogo, na kubadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, aghalabu usiku tu baada ya miezi ya mwanzo, hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Tiba inajulikana. Kinachoikatisha ni nauli ya kila juma, na mashamba yanayobaki nyuma. Basi kwa familia ya namna hiyo, huduma ya jamii ni nauli, ni jirani wa kulisha mifugo, ni mtu wa kumkumbusha mama asivitupe viatu vile kwa kuwa mtoto analia.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, hurejeshwa. Haununui fimbo nyeupe wala haujengi njia ya mteremko kwenye zahanati. Mambo hayo huingia katika bajeti kwa mlango mwingine, nao ni mpango wa kijiji unaopitishwa katika mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano huo hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, awe anatembea au anabebwa. Hivyo nawaomba wenyeviti, kabla ya mkutano ujao, mtembelee kaya zenye watu wenye ulemavu mkiwa na ofisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ulizeni maswali yale matatu, na majibu yaandikwe kwa maneno ya mwenyewe. Kisha tangazeni mkutano mahali anapoweza kufika, na apangwe mtu wa kumleta. Ajenda hiyo iwekwe mwanzoni, kabla ya mengineyo, maana sote tunajua ifikapo mengineyo jua limeshazama na watu wameanza kuondoka.

Sasa nakaribisha maswali, nikiomba wa kwanza kuuliza wawe wale waliokaa pembeni, karibu na mlango.