Somo la Redio: Mpagazi wa Hesabu za Duka

Wekeni madaftari na kalamu tayari, maana leo tutatoa na kuzidisha.

Ninyi mnaosoma Kariakoo, je, mwajua jina la mtaa wenu lilikotoka? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na vinywani mwa watu jina likawa Kariakoo. Basi, leo nasi twazungumza habari ya mpagazi, ila huyu habebi gunia. Hubeba hesabu.

Tuseme yuko mama mmoja auzaye vitenge Mtaa wa Kongo. Mauzo yake aliyaandika katika daftari. Moto ulipoliunguza soko la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021, alijiuliza: "Daftari langu likiungua, benki nitawaonyesha nini?" Akakodi programu ya hesabu iliyo katika intaneti, QuickBooks Online. Watu husema hesabu za namna hiyo zimo "winguni". Msitazame juu! Zimo katika kompyuta kubwa za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine, nazo hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Kuziingiza hesabu humo ni kazi nyepesi. Taabu ni kuzitoa. Mama huyu anaomba mkopo, na benki wanataka mauzo ya mwaka mzima, yapangwe kando ya fedha alizopokea kwa simu. Programu ya kuzichota hesabu mahali pamoja na kuzipeleka pengine huitwa kiunganishi. Huyo ndiye mpagazi wetu.

Lakini kwanza ulizeni kama mpagazi anahitajiwa. Programu nyingi za hesabu zina pahali pa kubonyeza, ukapata jedwali zima katika faili, bila malipo. Mwenye duka moja anayetaka hesabu mara moja kwa mwezi, kwa maoni yangu, asikodi kitu. Afanye kwa mkono. Mwenye maduka matatu, anayetaka hesabu kila asubuhi, huyo ana haki ya kutafuta kiunganishi.

Sasa, kiunganishi kizuri hujulikanaje? Si kwa bei, wala si kwa maneno ya muuzaji. Kipimeni kwa mwezi mmoja ambao hesabu yake mwaijua. QuickBooks Online, ikiombwa orodha bila kutajiwa idadi, hutoa mistari 100 tu. Na hata ikitajiwa, haitoi zaidi ya 1000 kwa ombi moja. Kiunganishi kizuri huomba tena na tena mpaka orodha iishe. Kibaya huchukua fungu la kwanza, kikanyamaza kana kwamba kazi imekwisha. Andikeni: mwezi wa Machi mama aliuza mara 340. Kiunganishi kimeleta mistari 100. Iliyopotea ni 340 kutoa 100, yaani 240. Kama kila mauzo ni shilingi 15,000 kwa wastani, zidisheni: shilingi 3,600,000 hazionekani! Benki watamwona mama ni mfanyabiashara mdogo kuliko alivyo, na mkopo utapungua.

Tena kuna saa. Kompyuta nyingi za namna hii hutunza saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Mwaka 2025 ilizinduliwa Kariakoo biashara ya saa 24, kwa hiyo yuko auzaye usiku wa manane. Kitenge kilichouzwa saa 8 usiku wa Jumanne, kwa saa ya dunia bado ni Jumatatu. Kiunganishi kisichorekebisha saa kitakiandika Jumatatu, na fedha za droo hazitalingana na orodha. Mfanyakazi wa zamu ataitwa mwizi bure. Jambo hili mimi naliona baya kuliko lile la kwanza, maana fedha hupatikana tena.

La mwisho ni ufunguo. Kijana fundi alimwambia mama yetu, "Shikamoo, mama. Nipe neno lako la siri niunganishe upesi." Mama akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hata ufunguo wa duka sikupi." Alijibu vema. Kiunganishi cha kuaminika hakiulizi neno la siri. Hukupeleka kwenye ukurasa wa programu yenyewe, ukaingia mwenyewe, ukatoa ruhusa, na ruhusa hiyo waweza kuifuta siku yoyote. Ikiwapo ruhusa ya kusoma tu, toeni hiyo. Na kama benki hawahitaji majina na namba za simu za wateja, zisibebwe, kwa kuwa tangu tarehe 1 Mei 2023 ipo kazini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kazi ya darasa: duka limeuza mara 1,250, na kiunganishi kimeleta mistari 1,000. Wastani wa kila mauzo ni shilingi 8,000. Ni shilingi ngapi hazikuletwa? Jibu tutalisoma katika somo lijalo. Kwaherini.