Kutokatwa Si Kulipiwa

Ndugu wasikilizaji, habari yenyewe mmeshaisikia, na wengine mmeisikia hadi mmechoka nayo. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilitaka LIHEAP, mpango wa taifa wa kuwasaidia maskini kulipa bili za nishati, huu ambao sisi tunauita tu msaada wa bili, ufutwe wote kuanzia mwaka wa fedha wa 2026. Dola bilioni 4 na ushei, na hakibaki kitu. Hatutairudia habari hiyo. Sisi hapa redioni tumekwama kwenye sababu iliyotolewa. Waliandika kwamba mpango hauna haja kwa kuwa majimbo tayari yana sera za kuzuia maskini wasikatiwe umeme.

Wasikatiwe. Tulilisoma neno hilo, tukalisoma tena, tukaangaliana.

Kutokatwa si kulipiwa. Mtu anayeishi hapa Phoenix hahitaji kuelezwa tofauti hiyo, anaikuta kwenye sanduku lake la barua kila mwezi. Ni kweli kinga ipo. Kampuni kubwa ya umeme katika jimbo hili la Arizona haikati umeme wa nyumbani kwa ajili ya deni kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15. Na kinga hiyo haikushuka kama mvua, ilinunuliwa kwa roho ya mtu. Septemba 2018, huko Sun City West, mama wa miaka 72 alikatiwa umeme kwa deni la dola 51. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amelipa dola 125. Alikutwa amefariki nyumbani kwake; siku ya kukatwa joto la nje lilipita nyuzi 40 za Selsiasi. Mwaka uliofuata tume ya jimbo inayosimamia kampuni hizo ikasimamisha ukataji wa kiangazi.

Dola 51, wasikilizaji. Nani kati yetu hajawahi kupungukiwa dola 51?

Lakini itazameni kinga hiyo kwa ukaribu. Juni umeme haukatwi, deni linaandikwa. Julai haukatwi, deni linaandikwa juu ya lile la Juni. Agosti hivyo hivyo, Septemba hivyo hivyo. Halafu inafika Oktoba 16, na yote yanakusubiri mlangoni. Sera imeahirisha siku ya kukatwa, haikulipa hata senti. Anayelipa ni wewe, na ukishindwa wewe ni LIHEAP. Kisha wakataka kuiondoa LIHEAP, wakatuonyesha ahirisho na kutuambia hilo ndilo msaada.

Kutokatwa si kulipiwa. Na kuna jambo la pili ambalo sera hiyo haikulifikiria kabisa: hakuna kanuni inayomzuia mama kujikatia mwenyewe. Mnatupigia simu kila kiangazi, tunajua. Mama ana watoto wanne, anatazama bili ya mwezi uliopita, anasimama kwenye kiduara cha kiyoyozi ukutani na kupandisha nyuzi hadi 88 za Fahrenheiti, hadi 90, kisha anazima kabisa. Anafungua mlango wa friji kidogo ili watoto wapulizwe. Kampuni haikukata chochote, na kwenye takwimu za kampuni nyumba ile ina umeme. Na wale wenye mita za kulipia kabla, zile ambazo kila aliyepitia Kigoma au Dar es Salaam anazifananisha na LUKU ya Tanzania, wao wanajua salio likielekea kuisha unavyoanza kuhesabu hata taa.

Joto la mji huu si la mzaha. Kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai 2023 tulikaa siku 31 mfululizo kipimo kikifika 110 za Fahrenheiti au kupita, yaani nyuzi 43 za Selsiasi. Usiku 16 mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Mwaka huo Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Mwaka uliofuata, 608. Wengi waliofia nje hawakuwa na makazi. Lakini wapo waliofia ndani, na mara nyingi kiyoyozi kilikuwepo pale ukutani, kimeharibika au kimezimwa. Nyumba ina mashine ya kumwokoa mtu, na mtu amekufa chini yake.

Na tusemezane wenyewe kidogo, kwa kuwa kuna maneno yanazunguka makanisani na kwenye magari ya kwenda kazini. “Sisi ni watu wa joto.” “Mwafrika amezoea jua.” Ndugu, ulizoea jua la wapi? Uvira kuna ziwa. Bujumbura kuna ziwa. Kambini Nyarugusu palikuwa na vumbi na kila taabu, lakini jioni ulitoa mkeka ukakaa chini ya mti, na usiku ukapoa. Apatimenti ya Phoenix ni sanduku la saruji lenye madirisha yasiyofunguka sawasawa, na ukuta uliopigwa jua kutwa unakurudishia joto saa sita za usiku. Mzee mwenye presha halali humo kwa kujikumbusha kwamba amezoea. Tunaomba maneno hayo yaishe.

Sasa turudi kwenye lalamiko letu la siku zote, na mnaotusikiliza kwa muda mrefu mtatuvumilia. Mpango huu ulizaliwa na baridi. Mafuta yalipopanda bei miaka ya sabini, wazee wa majimbo ya kaskazini waliogopa kuganda majumbani, na mwaka 1981 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya LIHEAP. Jambo jema, hatulikatai. Lakini fomula ya kugawa fedha ilipikwa kwa kuni za baridi. Mwaka 1984 Bunge liliirekebisha ili na joto lihesabiwe, kisha likaweka masharti ya kuyalinda majimbo ya baridi yasipungukiwe na kile yalichozoea. Matokeo yake hadi leo sehemu kubwa ya fedha inakwenda kupasha nyumba moto, kidogo ndicho kinakwenda kuzipoza. Yapo majimbo ambayo hayatoi msaada wowote wa kupoza nyumba. Kinga ya kutokatwa wakati wa baridi ipo kwenye majimbo mengi, ya kiangazi ipo kwenye machache. Tumelisema hili mwaka juzi, mwaka jana tumelisema, na leo tunalisema: mpango huu ulizaliwa na baridi, na joto linahesabiwa kama mgeni aliyechelewa chakula.

Kwa hiyo mtatuelewa tuliposhtuka kukuta kwamba Ikulu nayo inalalamika kama sisi. Ndiyo. Wameandika kwamba fedha hizi zinaishia kuzinufaisha kampuni za umeme na gesi za kaskazini mashariki. Nusu ya hayo tumekuwa tukiyasema wenyewe! Mgawo hauko sawa, tumesema. Kaskazini wanapakuliwa kwanza, tumesema. Lakini sisi tulisema pakueni sawa. Hatukusema vunjeni sufuria. Mtoto akilia kwamba kaka yake amepewa nyama mbili, hujawahi kuona baba anayemwaga mchuzi wote uani ili wafanane kwa njaa.

Wala msidhani hili ni la Arizona peke yake. Chicago ni mji wa theluji, nani asiyejua? Julai 1995 wimbi la joto la siku chache liliondoka na watu zaidi ya 700 pale, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani, wengine wakiwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi. Mji wa theluji! Joto halisomi fomula ya 1981.

Yapo mambo ambayo hayakusubiri hata bajeti. Aprili 1, 2025, wafanyakazi wa ofisi ya taifa inayoendesha LIHEAP, kwenye wizara ya afya, waliachishwa kazi wote kwa siku moja. Wote. Watu waliojua jimbo gani linapata nini, lini, na kwa hesabu ipi. Mwezi mmoja baadaye tukaambiwa mpango hauna haja. Ukimfukuza mpishi, kisha ukasema jikoni hamna harufu ya chakula, sisi tuseme nini?

Basi wasikilizaji, pendekezo la Ikulu ni pendekezo tu. Bajeti inapitishwa na Bunge, na mwaka mpya wa fedha unaanza Oktoba 1. Mpango huu umekuwa ukitetewa na wabunge wa vyama vyote viwili, kwa sababu bili haiulizi kadi ya chama. Hapo ndipo mlango ulipo, na hapo ndipo tunawataka.

Wewe uliyekula kiapo cha uraia, una mbunge, na mbunge wako ana simu. Mpigie. Kiingereza chako kinatosha. Sema jina lako, sema unaishi mtaa gani, sema bili yako ya Agosti ilikuwa kiasi gani. Hiyo tu. Wewe ambaye bado hujapata uraia, bado unaishi kwenye jimbo lake la uchaguzi, unalipa kodi, na watoto wako wanalala kwenye joto lile lile. Piga na wewe. Wachungaji, maimamu, tangazeni kabla ya sadaka. Vijana mnaosoma, kaeni na mzee mmoja, mmoja tu, mumpigie mbunge simu pamoja naye.

Na msaada huu wa bili unahitaji kuombwa. Ombeni sasa! Msisubiri karatasi nyekundu mlangoni, msisubiri Juni. Peleka bili, peleka kitambulisho, peleka hati za malipo ya kazi. Ukiwekwa kwenye foleni ya simu dakika arobaini, kaa. Ukiambiwa hakuna mkalimani, omba tena. Unayepanga nyumba na kiyoyozi kimekufa, kumbuka sheria ya mji wa Phoenix: nyumba yenye kiyoyozi, mwenye nyumba lazima aweze kuifikisha nyuzi 82 za Fahrenheiti au chini yake. Umeshamwambia? Mwandikie, na uweke nakala.

 Kinga inaanza Juni 1, lakini jua la mji huu halingojei Juni. Yule bibi anayekaa peke yake ghorofa ya juu, mnamjua. Mkitoka ibadani piteni kwake kabla ya kwenda nyumbani, mguse ukuta wa chumba chake kwa kiganja, na mumuulize kiyoyozi kinafanya kazi, au amekizima.