Wakili wa Haki Miliki: Kazi na Amana



Ndugu zangu vijana, wazee wetu na kina mama mliohudhuria. Mmeniomba nizungumzie kazi ya uwakili. Nimechagua tawi moja ambalo vijana wetu wachache hulifikiria: wakili anayepigania haki miliki mahakamani.

Fundi akibuni kifaa kipya, sheria ya Kenya humpa hataza ya miaka 20. Mwenye biashara husajili alama yake kwa miaka 10, kisha huihuisha. Mtunzi wa kaswida ana hakimiliki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki hizi zikivamiwa, ndipo wakili huyu huitwa.

Wako wanaosema, "Ah, kunakili kaswida ya mtu na kuiuza si wizi, ni kueneza dini." Basi tujue kwamba mwaka 1988 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Kuwait, waliamua kuwa jina la biashara, alama yake, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe. Sharia yazilinda, na haifai kuzivamia.

Sasa, iko siku wakili huyu hupimwa hasa. Mteja analalamika kuwa duka fulani linauza mali feki yenye jina lake. Mwenye duka akipata habari, mali itahamishwa usiku huo huo. Kwa hiyo wakili huenda kwa jaji upande mmoja tu, kuomba amri ya kuingia na kupekua. Hapo sheria yamtaka aeleze kila jambo muhimu, hata lile linalomharibia mteja wake! Kama anajua mwenye duka ana risiti za kununua mali hiyo kwa mteja mwenyewe, lazima aseme. Mle ndani hakuna wa kumpinga. Mfungaji aliye peke yake jikoni na mtungi wa maji anaielewa hali hiyo. Akificha na ikajulikana, amri yaweza kufutwa.

Wala si lazima usimame na mwenye hataza. Sheria ya Bidhaa Bandia ya 2008 ilieleza neno "bandia" kwa upana, hata ikahofiwa kuwa dawa halali za bei nafuu zingekamatwa. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya uhai, utu na afya. Maana ya neno moja tu, jamani, na dawa za watu zikasalimika.

Safari yenyewe ni shahada ya sheria ya miaka minne, kisha Kenya School of Law, mitihani, na miezi sita chini ya wakili mzoefu. Karo ni nzito, silifichi hilo. Mabinti na vijana mnaopenda kemia au mitambo msidhani hapa si penu. Kesi za hataza zawataka nyinyi.

Wenye maswali tukutane baada ya tarawehe, na wazazi wawepo. Wabillahi tawfiq.