Siku Zisizohesabiwa: Rwanda na Njia ya Kurekebisha Katiba



Tunazungumza Kiswahili, na hata nafasi ya lugha hii katika ofisi za Rwanda imepitia kwenye katiba. Katiba ya 2003, ibara ya 5, ilitaja lugha rasmi tatu: Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kuongeza ya nne kungehitaji kuigusa katiba yenyewe. Marekebisho ya 2015 yakaweka katika ibara ya 8 kifungu kifupi: lugha rasmi yaweza kuongezwa au kuondolewa kwa sheria maalumu, ile iliyo chini ya katiba na juu ya sheria za kawaida. Mwaka 2017 sheria hiyo ikatungwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi. Aliyepiga kura ya ndiyo katika kura ya maoni ya Desemba 2015 aliidhinisha na kifungu hicho. Ni wangapi kati yenu mliopiga kura mlijua kwamba kimo?

Utaratibu wenyewe uko wazi. Kwa ibara ya 193 ya mwaka 2003, ambayo sasa ni ya 175 katika maandishi ya 2015, wenye mamlaka ya kuanzisha marekebisho ni Rais, baada ya Baraza la Mawaziri kuafiki, au chemba yoyote ya Bunge kwa theluthi mbili ya wajumbe wake. Kupitisha kunataka robo tatu katika kila chemba: wabunge 60 kati ya 80, maseneta 20 kati ya 26. Jambo likigusa muda wa urais, mfumo wa vyama vingi, jamhuri au mamlaka ya taifa, ni lazima liende kwenye kura ya maoni.

Mwananchi hayumo katika orodha ya waanzishaji. Mwaka 2015 sahihi zaidi ya milioni 3.7 zilifikishwa Bungeni Kimihurura zikiomba ibara ya 101 ibadilishwe, ile iliyomzuia mtu kuwa rais kwa zaidi ya vipindi viwili. Kisheria zilikuwa maombi, na Bunge ndilo lililoyageuza kuwa hoja. Kenya ni tofauti: ibara ya 257 inaruhusu wapigakura milioni moja kuanzisha mswada wao, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ya huko ilisema Rais hawezi kuipitia njia hiyo, kwa kuwa ni ya raia.

Sasa fuateni mpangilio wa matukio ya Rwanda ya 2015, maana kwangu kiini kiko hapa. Wabunge walizunguka nchini kukusanya maoni Julai na Agosti. Tume ya wataalamu, chini ya Augustin Iyamuremye, iliapishwa Septemba. Oktoba 8 Mahakama ya Juu ikaitupa kesi ya chama cha Green cha Frank Habineza kilichopinga mabadiliko. Chemba ya wabunge ilipitisha mswada mwishoni mwa Oktoba, Seneti katikati ya Novemba, na tarehe 18 Desemba wananchi wakapiga kura hapa nchini, walioko ng'ambo wakiwa wametangulia kwa siku moja. Zaidi ya asilimia 98 walisema ndiyo.

Wananchi waliulizwa kuhusu ibara moja wakati maandishi mapya hayajaandikwa. Yalipoandikwa, yaligusa ibara nyingi mno, nao wakayajibu yote kwa neno moja. Kura ilikuwa halali. Lakini muda wa kusoma ulikuwa mfupi kupita kiasi, na katiba haikukiukwa, kwa sababu inahesabu kura tu, siku haizihesabu. Kenya inazihesabu: kwa ibara ya 256, mswada wa katiba unaoanzia Bungeni hausomwi mara ya pili kabla ya siku 90 kupita tangu usomwe mara ya kwanza.

Tungependa kuongeza kipengele cha namna hiyo katika ibara ya 175, lakini ibara hiyo imejifunga: aya yake ya mwisho inakataza isirekebishwe. Naiona ni busara, maana mlango wa katiba usipanuliwe na anayetaka kuupita. Hata hivyo haizuii sheria ya uchaguzi kuweka siku za kusubiri kabla ya kura ya maoni.

Na jambo halijapitwa na wakati. Mwaka 2023 katiba ilirekebishwa tena, kwa kura za Bunge peke yake, ili uchaguzi wa rais na wa wabunge uwe wa pamoja, nao ukafanyika Julai 2024. Mabadiliko yasiyofika kwa mpigakura ndiyo yanayohitaji zaidi kusomwa mapema.

Kwa hiyo napendekeza siku 60 baada ya maandishi kamili kutoka katika Gazeti la Serikali, kwa Kinyarwanda na lugha nyingine zote rasmi, Kiswahili kikiwemo. Katika siku hizo kila sekta, hii yetu ya Muhima ikiwa mojawapo, isome ibara zinazoguswa katika mikutano inayofuata umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na maswali ya wakazi yaandikwe na kupelekwa Bungeni kabla kura yoyote haijapigwa.