Uaminifu Ndio Mtaji wa Habaswein
Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini mashariki mwa Kenya. Katika mji wa mifugo kama Habaswein, Kaunti ya Wajir, ng'ombe akikonda bei huanguka, na mfugaji hukosa pesa za unga na sukari. Hapo ndipo uhusiano hupimwa: mwenye duka anayemfahamu mteja na jamaa zake humwandikia deni, naye mteja hulipa malisho yakirudi na mnyama akiuzika. Mteja wa namna hiyo hahamishwi kirahisi na punguzo la shilingi kumi kwa jirani.

Wapo watakaosema deni huua duka. Ni kweli, likitolewa kiholela. Ndiyo maana linahitaji daftari, kikomo na mashahidi. Wengine husema mfanyakazi ni wa kulipwa tu, si wa kubembelezwa. Lakini anayesindikiza mifugo hadi soko la Garissa yuko mbali na macho ya tajiri wake. Mali ile hulindwa na uaminifu wake. Basi, mfanyabiashara, mlipe mchungaji kwa wakati, na mjulie hali mteja wako hata siku asiponunua kitu.