Hotuba ya Katibu: Tuketi Kwanza, Ndipo Tuimbe



Huenda mlitarajia katibu asome historia: kwaya ilianza na watu wangapi, majoho ya kwanza yalishonwa lini, kanda ya kwanza ilirekodiwa wapi. Hayo yamo katika kurasa zilizotangulia. Sisi tumeomba dakika chache tuzungumzie jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za mikutano, nalo ni jinsi mwanakwaya anavyojitunza asije akazimika moyoni huku mdomo bado unaimba.

Tuanze na kosa letu. Mwaka 2018 mama mmoja wa sauti ya pili alianza kuchelewa mazoezini. Mara nusu saa, mara hafiki kabisa. Rejista yetu haikuwa na huruma: alama ya X, faini ya shilingi 50, na X zikifika nne, barua. Tulimwandikia barua. Ilinyooka vizuri, maana baadhi yetu tumesomea ualimu na barua ya onyo tunaijua. Hakujibu. Baadaye ndipo tukasikia kwamba alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, usiku anakesha, asubuhi yuko sokoni, na Jumamosi jioni anakimbia kuja kusimama nasi saa mbili nzima. Jumapili alitabasamu pale mbele kama sisi sote. Barua yetu ilimfikia wiki moja kabla ya mazishi.

Tulikwenda kumwomba msamaha tukiwa tumebeba unga na sukari, naye akatupikia chai. Akatuambia kwamba nguvu za kuimba alikuwa nazo. Alichokosa ni mahali pa kuketi kwanza.

Mwalimu wetu wa kwaya alilishika neno hilo. Tangu hapo mazoezi hayaanzi na wimbo. Tunaketi, miguu yote miwili sakafuni, mikono mapajani, simu zimezimwa, na kwa dakika tano hakuna anayesema. Tunasikiliza kilichopo: boda boda inayopanda kilima, watoto wanaocheza nje, mabati yanayolia jua likishuka. Mawazo ya karo na ya mkopo wa chama yakija, na huja, hatupigani nayo. Tunarudi kwenye pumzi. Tunavuta kwa hesabu ya nne, tunatoa polepole kwa hesabu ya nane.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Jioni ya pili ndugu mmoja wa sauti ya tatu, anayefanya kazi ya ulinzi usiku, alikoroma. Vijana wakaanza kucheka. Mwalimu akasema, "Mwacheni, huyo peke yake ndiye aliyeelewa."

Wengine waliuliza kama jambo hili ni la Kikristo, na lilikuwa swali la haki. Tulifungua 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, amelala chini ya mretemu. Malaika hakumkemea wala hakumtoza faini. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili na chakula. Habari za safari ya Horebu zilikuja baada ya hapo. Tuliosoma sura hiyo usiku ule tuliikumbuka barua yetu, tukanyamaza bila kuambiwa.

Na pumzi ina kazi yake mwilini. Ukivuta hewa, moyo huenda kasi kidogo. Ukiitoa, hupunguza mwendo. Ndiyo maana pumzi inayotolewa taratibu hutuliza, na kuimba ni kutoa pumzi taratibu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walichapisha utafiti wa vijana walioimba pamoja, wakaonyesha kwamba mapigo ya mioyo yao yalipanda na kushuka pamoja kwa kufuata mpangilio wa wimbo. Sauti ya nne, ambao hupumua wanapotaka, walisomewa habari hiyo mara mbili.

Kisha ukaja mwaka 2020. Makanisa yalifungwa Machi, na yalipoanza kufunguliwa Julai ilikuwa ni watu 100, saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Wazee wetu walikaa nje ya kwaya waliyoianzisha. Mmoja wao alichukua daftari la jalada gumu akanakili nyimbo zetu zote kwa mkono, d, r, m, mstari kwa mstari. (Noti hizo, vijana, msingi wake uliwekwa na mwalimu, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, mchungaji John Curwen akazieneza karne ya 19. Walimu tuna haki ya kujivunia kidogo.) Mzee alituambia kwamba saa za kunakili ndizo pekee alizosahau hesabu ya wagonjwa iliyosomwa redioni kila siku.

Akina mama kadhaa walirudia viondo. Hapa Ukambani si jambo geni. Nyanya zetu walisuka hata wakitembea njiani, vidole vikihesabu nyuzi. Yalikuwa mapato pia, tusidanganyane, lakini ukimuuliza anayesuka atakuambia moyo nao hutulia.

Naye yule mama wa barua alianza kutunga. Hakuwa amewahi. Alitunga ubeti mmoja mmoja akichambua maharagwe, akiuimba kwenye simu ya mwanawe usije ukapotea. Wimbo wa tatu katika ratiba ya leo ni wake. Ameomba jina lisiandikwe, nasi tumetii.

Hatusemi kila mtu atunge. Kuna anayepanda maua kwenye makopo, kuna anayeshona vitambaa, kuna anayechora na mtoto wake penseli moja kwa zamu. Wala pumzi si dawa ya kila kitu. Wawili kati yetu usingizi ulikataa kwa wiki nyingi, wakaenda hospitalini wakasaidiwa, na tunashukuru walikwenda mapema.

Rejista bado ipo. X ya kwanza siku hizi maana yake ni simu, ya pili ni kumtembelea mtu nyumbani kwake. Mfuko wa faini umekauka, na mweka hazina bado analalamika.

Wimbo wa kwanza mtaukuta ukurasa wa sita. Kabla kinanda hakijalia, tunawaomba nyote, hata wageni wetu walio kwenye hema, mzime simu, mweke miguu sakafuni, tuketi kimya kwa dakika mbili.