Jina Tumepewa, Mpaka Uko Wapi?

Msikilizaji, tangazo la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi umelisikia. Majimbo mapya 8, jumla sasa 272, na jimbo letu la Singida Kaskazini limekuwa Ilongero. Habari za nani atagombea tunawaachia wenyewe. Redio hii inauliza jambo moja: mpaka uko wapi? Jina tumepewa, mpaka uko wapi, na mwananchi wa Mtinko atauona lini kwenye simu yake?

Ukiandika Singida kwenye simu, unapelekwa mjini. Lakini Singida ziko tatu: mkoa, manispaa, na Wilaya ya Singida ambayo halmashauri yake iko Ilongero, na kata yetu ya Mtinko imo humo. Simu itazitofautishaje kama mipaka yake haimo? Dereva wa lori anayefuata vitunguu anaelekezwa hivi: pita mnadani, ukiona mashine ya kusaga, kata kushoto, mbele uliza. Mchana ataliza honi, watu watatoka, watamwonyesha. Je, dereva wa m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, aliyeitwa saa nane za usiku, kuna mama ameshikwa na uchungu, amuulize nani?

Tumelisema hili na leo tunalirudia: ramani huanzia pwani. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaa ya Dar es Salaam na mradi wa Ramani Huria, wakachora nyumba, njia na mitaro, kwa sababu ya mafuriko. Mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zikaanza kupiga picha Unguja na Pemba. Ndugu zetu wa pwani walistahili, na hata huko majina yanachanganya: tangu Februari 2021, Ilala ilipofanywa Jiji la Dar es Salaam, jina hilohilo ni la mkoa na ni la halmashauri moja kati ya tano. Lakini wao wana ramani ya kusahihisha. Sisi wa kanda ya kati tunasahihisha nini? Ramani huanzia pwani, na safari ya kuja huku haifiki.

Wala isisemwe kwamba mipaka haijapimwa. Kabla ya Sensa ya 23 Agosti 2022, watu walipita na vishikwambi nchi nzima kutenga maeneo ya kuhesabia. Mwaka huohuo ikaja operesheni ya Anwani za Makazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na cheti kinachoonyesha mipaka yake. Kazi hizo zililipiwa na kodi yetu, ya huyu anayeuza alizeti na yule anayechunga mbuzi. Basi mpaka uko wapi? Ukibaki kwenye faili la ofisi, yule dereva wa usiku unamsaidia nini?

Halmashauri, toeni mipaka ya kata na vijiji vyote hadharani, bure, kwa namna ambayo watengeneza ramani za simu wanaweza kuichukua na kuitumia. Jina la zamani liwekwe pamoja na jipya, ili anayetafuta Singida Kaskazini afikishwe Ilongero. Vijana wa Mtinko, OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, haina mlinzi mlangoni: ingieni leo, andikeni zahanati, shule, kisima, njia ya mnadani. Wazee, waongozeni, nyinyi ndio mnaojua kijiji hiki kinaishia kwenye mwamba upi na kile kinaanzia korongo gani. Msingoje mtu kutoka Dodoma, wala Dar es Salaam! Nanyi waheshimiwa madiwani, simameni kwenye kikao kijacho cha baraza, ulizeni ramani inatoka lini, na mkiambiwa mchakato unaendelea, msikae. Daini tarehe. Iandikwe kwenye muhtasari, sisi tutaisoma hapa hewani.